Kuiongezea Nguvu Forester ya Turbo Kimyakimya: Mwongozo Kamili kwa Madereva wa Nyanda za Juu Kusini

Mbeya mjini ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kule Dar es Salaam kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101 hivi; hapa kwetu ni 82 au 83. Gari lisilo na turbo likianza kupanda Inyala limeshapungukiwa karibu moja ya tano ya pumzi yake kabla dereva hajakanyaga. Turbo huirudisha pumzi hiyo, ndiyo maana Forester za turbo zinapendwa sana kuanzia Iringa mpaka Tunduma. Ila ushauri mwingi wa kuziongezea nguvu umeandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari na kujaza petroli bora kuliko yetu. Ukiufuata huku neno kwa neno, unaua turbo kwanza, kisha injini.

Nimeandika nikiwa na gari moja akilini: Subaru Forester XT, umbo la SG5, la kati ya 2002 na 2007, toleo la Japani. Injini yake ni EJ205 ya lita 2.0, turbo ni TD04, na nguvu yake kutoka kiwandani ni farasi 220. Mwenye Impreza WRX ya miaka hiyo atakuta karibu kila kitu kinamhusu.

Kimyakimya maana yake gari libaki na sura na sauti lililotoka nayo Japani. Hakuna stika, hakuna bomba la moshi la kipenyo cha ndoo, hakuna mluzi ukiachia mafuta. Gari lenye makelele huwaita wezi wa spea, huwaita trafiki, na humshawishi dereva mwenyewe kulikanyaga mahali pasipofaa. Usiri huu lakini hauihusu kampuni ya bima. Waandikie kila ulichobadilisha na utunze nakala, kwa sababu siku ya ajali watafungua boneti. Yaliyomo humu hayagusi namba ya injini wala ujazo wake, kwa hiyo kadi ya gari haibadiliki. Ukibadilisha injini nzima, hilo ni suala la TRA.

Geji ya busti na mlima

Elewa hili kwanza, maana kila hatua inayofuata inalitegemea.

Geji ya kawaida ya busti inapima msukumo uliozidi hewa ya nje. Ikisoma bar 0.8 ukiwa Dar, ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawia silinda hewa, kuna jumla ya bar 1.8. Ikisoma 0.8 hiyohiyo ukiwa Uyole, jumla ni bar 1.6 tu. Anayetaka gari lake la Mbeya livute kama la Dar atajikuta anaisukuma turbo ibane hewa mara 2.2, wakati ya Dar inaibana mara 1.8. TD04 ni turbo ndogo. Ikizidishiwa mzigo inazunguka kasi kupita uwezo wake, na hewa inayotoka ni ya moto, nyepesi, na inakaribisha injini kugonga, yaani mafuta kulipuka kabla ya wakati wake. Wajapani walilijua hilo. Ndani ya kompyuta ya gari kuna jedwali linalopunguza busti kadiri hewa ya nje inavyopungua. Lipo kulinda turbo, usimruhusu mtu alifute.

Hatari ya pili iko kwenye vile vidude vya mkono vya kukaza busti vinavyofungwa kwenye kipira cha westigeti, kile kilango cha turbo kinachodhibiti busti. Kidude hicho kinafuata tofauti na hewa ya nje, jumla hakiijui. Ukikikaza Mbeya hadi bar 1.1, jumla ni 1.9 na gari linavuta vizuri. Teremka nacho hadi Dar, jumla inakuwa 2.1, na joto la huko, na foleni. Hapo ndipo pistoni zinapopasuka. Kwangu mimi kidude hicho hakina nafasi kwenye gari la mtu wa Nyanda za Juu anayesafiri kwenda pwani.

Kwa hiyo nguvu tunayoitafuta haitoki kwenye kuongeza busti. Inatoka kwenye kuziba panapovuja, kuipoza hewa, kuufungulia moshi njia, kisha kuitunia kompyuta, yaani kurekebisha mipangilio yake, kwa hewa na mafuta yetu.

Hatua ya kwanza: pima afya

Magari haya yana umri. Mengi tunayoita mazito yanapoteza nguvu kwa ubovu wa kawaida, na ukiuondoa unaweza kuridhika ukaishia hapo.

Anza na kompresheni. Injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, mafuta yakatwe, na mguu ukanyage hadi mwisho wakati wa kupiga stata. Hapa mafundi wengi hukosea: namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Silinda nzima itakayosoma psi 160 Dar itasoma kama psi 130 Mbeya, na haina tatizo lolote. Angalia zaidi tofauti baina ya silinda na silinda. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, acha mpango wa kuongeza nguvu na ushughulikie injini.

Kisha tafuta uvujaji wa hewa. Kipimo hiki hakina gharama na kinafichua mengi. Chukua kipande cha bomba la PVC kinachoingia vizuri kwenye mpira wa hewa pale sensa ya hewa inapokaa, kizibe mwisho mmoja kwa kifuniko, toboa kifuniko na ufunge valvu ya tairi. Kifunge mahali pa sensa, kaza klipu, kisha jaza upepo kwa kompresa ya fundi pancha, taratibu, usivuke psi 15. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Angalia zaidi sehemu tatu: ule mpira mrefu unaopita chini ya manifoldi kwenda kwenye turbo, ambao hukauka na kupasuka upande usioonekana, kiungo cha umbo la Y kinachoingiza hewa kwenye intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), na mpira wa kati ya intakula na throto. Sauti kidogo kwenye mfuniko wa oili ni ya kawaida. Mapovu kwenye kiungo si ya kawaida.

Halafu kagua moshi kabla ya turbo. Bomba linalopandisha moshi kutoka chini kwenda kwenye turbo lina gasketi zinazoungua. Dalili ni masizi meusi kwenye maungio na mlio wa "tiki tiki" asubuhi ambao hupungua injini ikipata moto. Moshi unaovujia hapo ni nguvu ya turbo inayomwagika. Baadhi ya magari yana masega madogo ya kusafisha moshi ndani ya bomba hilohilo, na yakimeguka vipande huingia kwenye mapanga ya turbo. Ukilifungua, chungulia.

Huduma ya kawaida nitaipita haraka. Plagi za iridiamu zenye pengo la milimita 0.7 hadi 0.8. Koili isiyo na ufa. Kichujio kipya cha mafuta. Timing belt ibadilishwe kama historia yake haijulikani. Oili nzuri ya 5W-40, na ibadilishwe kila kilomita 5,000 bila kuongeza hata wiki. Kwenye baadhi ya injini hizi bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo ina chujio dogo la wavu ndani yake. Likiziba, turbo inakufa kwa kiu. Mwambie fundi alitoe alione.

Usisahau mfuniko wa rejeta. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mfuniko ndio unaoongeza shinikizo ili yasichemke mapema, na mfuniko uliochoka ambao Dar ungevumilika huku unaleta balaa katikati ya mlima Kitonga. Weka mpya wa saizi ileile iliyoandikwa, pamoja na kulanti. Maji ya bomba acha.

Hatua ya pili: breki

Najua hukuja kusoma habari za breki. Lakini barabara zetu zina Kitonga, zina Inyala, zina mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, na kila mtu wa hapa anajua malori yaliyoishia huko. Gari litakalopanda kwa kasi zaidi lazima kwanza lijue kusimama.

Badilisha mafuta yote ya breki kwa DOT 4. Mafuta ya zamani yamenyonya unyevu, na mteremkoni huchemka hadi pedali ikazama. Weka breki pedi bora, si zile za bei ya chini kabisa, na pima unene wa diski ukilinganisha na kikomo kilichoandikwa juu yake. Mwenye uwezo anaweza kutafuta kalipa za pistoni nne za mbele kutoka Impreza WRX ya mtumba. Nyingi huingia mahali palepale, ila zinadai diski zake na rimu isiyo ndogo. Kwa nje hakuna atakayegundua, hasa ukizipaka rangi nyeusi.

Matairi manne yafanane kwa chapa, saizi na kiwango cha kuisha. Subaru inavuta miguu yote minne, na matairi yanayotofautiana hutafuna gia boksi.

Hatua ya tatu: njia ya hewa

Bakisha boksi la eakilina la kiwandani. Zile eakilina za wazi zenye umbo la pia zinavuta hewa ya moto kutoka ndani ya boneti, zinapiga mluzi, na kwa vumbi la barabara zetu za udongo zinaruhusu mchanga mwembamba kula mapanga ya turbo. Isitoshe, sensa ya hewa ilipimwa ikiwa ndani ya bomba lile. Ukibadilisha umbo la bomba, kompyuta inasoma uongo na kutoa mafuta yasiyo sahihi. Karatasi mpya bora ndani ya boksi lilelile inatosha. Safisha sensa yenyewe kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kidole wala kitambaa.

Badilisha mpira wa chini ya manifoldi kwa wa silikoni, mweusi. Ni kazi ya kuchosha, maana inabidi manifoldi ilegezwe na kuinuliwa kidogo. Ukishaifungua, badilisha pamoja nayo vipira vyote vya vakyumu vilivyo karibu. Wengi wamekikuta chanzo cha gari kukosa nguvu hapo chini.

Valvu ya kurudishia hewa ibaki ya kiwandani, ile inayorudisha hewa ndani ya mfumo. Zile zinazotema nje kwa kelele zinamwaga hewa ambayo sensa imeshaihesabu, na kila ukibadili gia injini inapewa mafuta ya ziada. Kwa kelele na kwa ufundi, zote hazifai.

Hatua ya nne: intakula

Forester hii intakula yake imelala juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Inapata upepo gari likitembea. Sasa fikiria Kitonga: uko nyuma ya semi treila, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, dakika baada ya dakika. Upepo hauingii, joto la turbo linapanda, na intakula inageuka jiko. Nafasi ya kupita ikijitokeza unakanyaga hadi mwisho, na injini inavuta hewa ya moto kuliko wakati wowote. Huo ndio wakati ambao injini hizi hugonga.

Kabla ya kununua intakula kubwa, angalia sponji inayozunguka tundu la boneti upande wa chini. Kwenye magari ya mtumba mara nyingi imeoza au haipo, na upepo unapita pembeni badala ya kupenya kwenye mapezi. Irudishe. Kisha shusha intakula na uisafishe ndani, maana oili iliyojipaka humo inazuia joto lisitoke. Nyoosha mapezi yaliyolala kwa kifaa chembamba.

Ukitaka kubwa zaidi, tafuta ile ya Forester STI au nyingine ya kulala juu inayokaa chini ya boneti hiyohiyo. Sishauri ya mbele kwa gari la kimyakimya: bampa inakatwa, inaonekana toka mbali, na mabomba marefu yanaichelewesha turbo kujibu, jambo linaloumiza kwenye kona za kupanda.

Hakuna spea itakayochukua nafasi ya tabia ya dereva hapa. Ukitoka nyuma ya lori, tembea kwanza kwa mguu mwepesi hadi upepo uingie, ndipo ukanyage.

Hatua ya tano: daunipaipu

Hapa ndipo nguvu nyingi ilipofungiwa. Daunipaipu ni bomba linalotoka kwenye turbo kushuka chini ya gari, na la kiwandani ni jembamba, lenye masega yanayobana. Pana zaidi linairuhusu turbo kuamka mapema, na sisi tunaopanda milima tunahitaji nguvu ya mzunguko wa 2,500 hadi 4,000 kuliko ya 6,500.

Chagua lenye masega ya kupitisha moshi kwa wingi. Usiweke tupu. Bila masega gari linanuka, linanguruma, na moshi wake mchafu unaishia kwenye vifua vya watoto wa mtaa wako. Kuanzia hapo kwenda nyuma, bakisha bomba na sailensa za kiwandani. Utapoteza kidogo juu kabisa, lakini asubuhi jirani hatajua umetoka.

Kazi yenyewe ifanywe injini ikiwa baridi kabisa:

1. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote usiku wa kuamkia kazi, na tena asubuhi.
2. Toa betri, toa intakula, toa bati la kuzuia joto juu ya turbo. Bati hilo litarudi, usilitupe.
3. Chomoa waya za sensa za oksijeni kwenye soketi, usizivute kwa waya.
4. Inua gari, weka stendi imara. Jeki peke yake isiaminiwe hata kwa dakika moja.
5. Legeza nati zinazoshika bomba kwenye turbo. Ikigoma, ipashe moto na urudie. Stadi ikikatika kwenye turbo, siku imeharibika.
6. Fungua bolti za kuungana na bomba la kati, kisha kishikio cha kwenye gia boksi.
7. Weka gasketi mpya pande zote, ingiza bomba jipya, shika nati zote kwa mkono kwanza, ndipo ukaze kwa kupishanisha, kidogo kidogo.
8. Rudisha bati la joto, au funga bomba kwa kitambaa maalumu cha joto pale linapopita karibu na waya na mipira.

Baada ya hapo usikanyage. Bomba pana linaifanya busti ipande kuliko kompyuta inavyotarajia. Endesha kwa upole mpaka gari litunwe.

Hatua ya sita: kutuni

Magari haya yalitunwa Japani kwa petroli ya daraja la juu ambayo oktani yake inakaribia 100. Ya sheli zetu iko chini ya hapo. Kuna wanaosema mlima hupunguza mahitaji ya oktani. Ni kweli kwa gari lisilo na turbo. Gari la turbo linairudisha hewa iliyopungua, kwa hiyo nafuu hiyo huipati yote.

Faili la kompyuta linasomwa na kuandikwa kupitia soketi ya chini ya dashibodi. Kebo ya Tactrix pamoja na programu ya bure ya RomRaider vinatosha kusoma na kurekodi takwimu. Kuandika faili jipya mwachie anayeijua kazi hiyo. Mambo ya kumsisitizia ni haya. Asome faili halisi na akupe nakala kabla ya kugusa chochote. Asikuletee faili la mtu mwingine, hata kama gari linafanana. Apime mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa sensa pana ya oksijeni: ukikanyaga hadi mwisho uwe kati ya 11.0 na 11.5, na ukipanda hadi 12 au zaidi simamisha kazi. Aache lile jedwali la hewa ya nje lifanye kazi yake. Na jaribio la kukanyaga lifanyike mahali palipo wazi pasipo na watu, si ndani ya vijiji vya kilomita 50 kwa saa.

Namba nyingine ya kujifunza kuisoma mwenyewe ni kizidishi cha uchomaji, ambacho RomRaider hukiandika IAM. Injini yenye furaha huonyesha 1.00, au 16 kwenye kompyuta za zamani zinazohesabu hadi 16. Kikishuka, kompyuta imesikia injini ikigonga na imejitetea. Usikubali gari kutoka kwa fundi lenye 0.75 (au 12 kati ya 16) kwa maneno kwamba litazoea.

Pampu ya mafuta ya miaka mingi huenda isifuate kasi mpya. Kama mchanganyiko unakauka (mafuta yanapungua) juu tu, kwenye mizunguko mikubwa, badilisha pampu kabla ya kuendelea.

Hatua ya saba: jaribio la Kyela

Tuna bahati ambayo watu wa tambarare hawana. Kutoka Uyole hadi Kyela unashuka zaidi ya mita 1,200 kwa safari ya asubuhi moja, kutoka baridi ya Isyonje hadi joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa. Hewa ya Kyela ni nzito na ya moto, karibu na ya Dar kuliko ya kwetu. Ukimaliza kutuni Mbeya, teremka nayo ukiwa na kompyuta mpakato inayorekodi, na mtu mwingine akiiangalia. Kyela rekodi mivuto michache ya gia ya tatu. Busti ikivuka lengo, au IAM ikishuka, faili linarudi kwa fundi kabla gari halijaenda Dar. Kwenye miteremko ya kwenda huko tumia gia namba mbili, upumzishe breki ulizozigharamia.

Baada ya kilomita 500 kaza upya nati za daunipaipu na klipu zote za mipira, na tazama masizi mapya kwenye maungio. Ukipanda mlima mrefu, endesha taratibu dakika mbili za mwisho kabla ya kuzima, ili turbo ipoe oili ikiwa bado inazunguka. Geji ya busti, kama unaitaka, ifungwe ndani ya kiboksi cha dashibodi chenye mfuniko. Vitu vya kiwandani ulivyovitoa vifunge kwenye karatasi ya mafuta na uviweke nyumbani, maana anayenunua gari hili baadaye atavitaka. Na kila ukijaza petroli kwenye sheli mpya usiyoizoea, chomeka kebo jioni uisome IAM kabla ya safari ya kesho.